Namna ya Kufika Kisiwani Bila Ndege Hata Mmoja Kuinuka

Mwongozo huu ni wa watu wa Nachingwea na Ruangwa. Watu wa pwani hauwahusu sana, kwa sababu bahari wameizoea, na mazoea ndiyo adui wa kwanza wa yai lililotagwa chini. Wewe uliyekulia kwenye mikorosho, ambaye kuiona bahari lazima upande basi, una nafasi nzuri kuliko wengi ya kuwa mgeni bora wa kisiwa cha ndege. Mgeni wa namna hiyo ana sifa moja tu: akifika anawakuta ndege wamekaa, akiondoka anawaacha wamekaa. Maelekezo yote yanayofuata, kuanzia kufunga begi mpaka kuchagua zawadi, yanaelekea hapo.

Chagua kisiwa

Visiwa vya Tanzania wanakozaliana ndege wa baharini ni vichache, na kimoja nakitaja mapema ili ukiondoe kwenye mipango yako. Kinaitwa Fungu Kizimkazi. Ramani nyingi zinakiandika Latham. Kiko peke yake baharini, zaidi ya kilomita 60 kutoka Dar es Salaam, kusini-mashariki mwa Unguja, na pande zote kimezungukwa na kina kirefu. Ni bapa la mawe ya matumbawe lenye urefu wa mita 300 hivi, limeinuka kama mita 3 tu juu ya maji. Hakuna mti, hakuna maji ya kunywa, hakuna anayeishi hapo. Wenye kisiwa ni ndege, maelfu kwa maelfu. Wapo wakubwa weupe wenye uso mweusi kama waliovaa barakoa, ambao hapajulikani pengine Tanzania wanapozalia. Wapo buabua wa mgongo mweusi, buabua wa kahawia, na buabua wakubwa wenye kishungi na mdomo wa manjano. BirdLife International, muungano wa dunia wa mashirika ya kuhifadhi ndege, umekiweka kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege.

Maelekezo ya kufika Fungu Kizimkazi ni haya: usiende.

Nayaandika kwa moyo wote. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika nyumba zetu hilo ni kweli tupu. Lakini mwenyeji wa Fungu Kizimkazi amelala juu ya yai juani, bila ukuta wala mlango, na kupona kwake ni wewe kubaki mbali. Yako maboti yanayotoka Dar na Unguja kwenda kuvua jodari maeneo hayo, na huenda siku moja ukaalikwa, maana mtu wa Ruangwa ana ndugu kila mahali. Nenda, vua, furahi. Nahodha akikwambia, “Mzee, nikusogeze ushuke upige picha mbili tatu?” mjibu, “Ahsante sana nahodha, hapahapa panatosha.” Akisisitiza, mwambie macho yako ni mazuri. Ukiwa ndani ya boti iliyosimama mbali utawaona wakizunguka juu ya maji kwa mamia, wakipiga mbizi, wakirudi na samaki, na utakuwa umeona zaidi ya yule aliyeshuka. Aliyeshuka huona ndege wanaokimbia tu.

Kisiwa cha kwenda ni Chumbe, kilomita chache kusini-magharibi mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Chumbe kina msitu wake wa juu ya matumbawe, mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, na mwamba wa matumbawe ulio miongoni mwa mizuri kabisa katika mwambao wetu. Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa hifadhi mwaka 1994, na tangu hapo kinasimamiwa na kampuni binafsi kwa ajili ya uhifadhi. Walinzi wake wengi walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawabebi silaha. Mvuvi akisogea eneo la hifadhi, wao humwendea, humsalimu na kumweleza kwa nini samaki wanaoachwa wazaliane pale watamfikia huko nje. Nyumba za wageni ni saba tu, maji yanatoka kwenye mapaa yanayokinga mvua, umeme ni wa jua, na vyoo havitumii maji. Mtu aliyelelewa kijijini Nachingwea hatahitaji kufundishwa namna ya kuheshimu ndoo ya maji. Hapo umeshawashinda wageni wengi.

Mwenye pasipoti na muda zaidi anaweza kufika Watamu, Kenya, ambako mdomoni mwa hori ya Mida kuna kisiwa kidogo cha jabali kiitwacho Whale Island. Kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu iliyoanzishwa mwaka 1968, na buabua wa aina mbili huzaa juu yake. Huko nako sheria ni ileile: boti hupita, watu hutazama.

Lijue yai kabla hujaondoka

Hapa naomba utulie, kwa sababu msafiri asiyelijua yai la baharini hata akifuata maelekezo mengine yote bado ataharibu.

Sisi wa Kusini yai tunalijua kupitia kuku na kanga. Anayefuga kanga anajua kwamba ukikuta mayai kumi na mawili kichakani unachota machache kwa kijiko, unaacha matatu au manne, na kesho mama anarudi kutaga kama hakuna lililotokea. Hesabu hiyo iache nyumbani. Buabua wa mgongo mweusi hutaga yai moja kwa msimu. Buabua wa kahawia vilevile. Ukichukua moja na kuacha moja, hujaacha kitu, kwa sababu la pili halikuwapo.

Tena yai lenyewe haliko kwenye kiota unachoweza kukitambua. Liko chini, juu ya jiwe au mchanga, na rangi yake ina madoa ya kahawia na kijivu yanayofanana kabisa na jiwe. Huo ndio ulinzi wake. Ulinzi huo unamshinda mwewe anayetazama kutoka juu, na kwa bahati mbaya unamshinda pia mgeni anayetembea huku akitazama simu. Watu wamekanyaga mayai ya buabua bila kujua, wakaondoka wakisifu uzuri wa mahali.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa bara hulifikiria kinyume. Kuku anaatamia ili yai lipate joto. Juu ya jabali tupu la Bahari ya Hindi, saa sita mchana, ndege anakaa juu ya yai ili kulikinga na joto. Mama na baba hupokezana zamu. Mmoja anakwenda baharini, mwingine anasimama juu ya yai mbawa zikiwa zimelegezwa, mdomo wazi, akihema, kivuli chake kikiangukia chini ya tumbo lake. Sasa fikiria watu wanane wanashuka kutoka kwenye boti wakicheka. Ndege wote wanaruka kwa pamoja. Mgeni anaona mbingu imejaa mbawa na anasema ni ajabu ya Mungu, na kweli ni ajabu, lakini chini pale mayai mia kadhaa yameachwa juani, na dakika chache za jua hilo zinatosha kuua kilichomo ndani. Makelele yale unayoyasikia angani ni ya wazazi wanaongoja uondoke.

Yule mkubwa mweupe mwenye barakoa hutaga mayai mawili, na habari yake ni ngumu. Hana tumboni ile sehemu ya ngozi tupu ambayo ndege wengi hulalia mayai, kwa hiyo huyafunika kwa nyayo zake pana zenye utando. Huyaatamia kwa wiki zaidi ya sita. Yai la kwanza hupasuka siku kadhaa kabla ya la pili, na kinda la kwanza, ambalo bado halina hata manyoya, humsukuma mdogo wake nje ya kiota mpaka afe. Mzazi haingilii. Yai la pili lilikuwa akiba, iwapo la kwanza lingeharibika. Mwisho wa yote ni kinda mmoja, na huyo mmoja hulishwa kwa takriban miezi minne kabla hajaweza kuruka. Ukijua hivyo, utaelewa kwa nini kumwondoa mzazi kwenye kiota kwa ajili ya picha moja ni jambo kubwa. Akiba imeshatumika.

Na buabua wa mgongo mweusi, yeye akishajifunza kuruka huondoka kisiwani na kukaa angani miaka mitatu au zaidi bila kutua nchi kavu. Manyoya yake hayazuii maji vizuri, kwa hiyo hata juu ya bahari hawezi kukaa kama bata. Hula akiruka. Hurudi kutaga akiwa amekomaa, mara nyingi akiwa na miaka kama sita, na akisalimika anaweza kuishi miaka zaidi ya 30. Ndege anayekaa angani miaka yote hiyo ana mahali pamoja tu anapohitaji ardhi, na sababu moja tu ya kuihitaji. Mimi sioni haki ya mtu kumwomba apishe.

Jizoeze nyumbani

Huhitaji bahari ili ujifunze kuwakaribia ndege wanaozaa pamoja. Mnana wa pale kwenu wanatosha. Tafuta mti ulioning'inizwa viota vyao karibu na bwawa au mtoni, au mti ambao yangeyange hukusanyika kuzaa, kisha usogee polepole, hatua kwa hatua, huku ukitazama shingo.

Shingo ndiyo kipimo. Ndege aliyetulia shingo yake imeingia mabegani. Ukifika umbali fulani utaona shingo moja imenyooka, halafu ya pili, halafu vichwa vinageuka upande wako. Hapo umeshapita mpaka. Rudi nyuma hatua kumi, chuchumaa, ungoje mpaka shingo zirudi mabegani, na ukumbuke umbali huo. Usingoje waruke ndipo ujue umekaribia mno, maana wakisharuka somo limekwisha na gharama imeshalipwa na mwingine. Fanya zoezi hili pamoja na watoto, kwa sababu wanalipenda na wanaliweza kuliko wakubwa. Mtoto wa darasa la nne anayejua kusoma shingo ya mnana unaweza kumpeleka kisiwa chochote duniani.

Wakati wa zoezi zima simu na ibaki mfukoni. Mtu mwenye simu mkononi husogea bila kujijua.

Mkague panya

Sehemu hii ndiyo ndefu kuifanya na rahisi kuisahau, na kwa maoni yangu inapita zote.

Mwaka 1994, mwaka uleule Chumbe ilipotangazwa hifadhi, mamia ya buabua adimu ambao kifua chao hupata wekundu wa waridi msimu wa kuzaa walikuja kutaga kisiwani. Ilikuwa neema isiyotarajiwa. Lakini kisiwa kilikuwa na panya, walioletwa na vyombo vya watu zamani, na kunguru walikuwa wakivuka kutoka Unguja. Kwa ndege anayetaga chini, mahali pasipo mnyama wa kumfukuza, panya ni msiba: anakuja usiku, anakula yai, anakula kinda, na mzazi hana desturi yoyote ya kupambana naye, kwa kuwa vizazi vyote vya nyuma vilichagua visiwa haswa kwa sababu panya hawakuwapo. Wasimamizi wa Chumbe waliamua kumwondoa panya kisiwani kote, na mwaka 1997 kazi hiyo ikakamilika.

Panya huyo si mgeni kwako. Ni yuleyule mweusi wa darini, anayetoboa gunia la mahindi na kukimbia juu ya kenchi usiku. Sisi wa Kusini panya wa porini tunamwinda na kumla, tunamwita samaki nchanga, na sioni aibu yoyote katika hilo; lakini huyu wa darini hana anayempenda, na ana ujanja wa kusafiri. Huingia kwenye kiroba, kwenye kikapu, kwenye mzigo wa mkaa, kwenye kamba zilizoviringishwa ndani ya jahazi. Jike mmoja mwenye mimba akishuka kisiwani anatosha.

Kwa hiyo begi la safari lipakiwe mchana, mahali penye mwanga, na si ghalani. Litoe kila kitu, ulikung'ute, ulifunge palepale. Usisafiri kwenda kisiwani na kiroba kilichotoka stoo ya korosho. Hata kama hakina panya, kina mbegu na wadudu. Kagua nyayo za viatu na mikunjo ya suruali, utoe zile mbegu zinazong'ang'ania nguo ukipita kichakani, kwa sababu majani mageni yakiota kisiwani hufunika jabali ambalo ndege angetaga. Ukifika kwenye boti, fanya tena.

Ukiona ninazidisha, tazama wenzetu. Kisiwa cha Cousin huko Shelisheli kilinunuliwa mwaka 1968 ili kuokoa aina moja ya ndege wadogo wa msituni waliokuwa wamebaki hapo tu duniani, wasiofika hata thelathini. Leo ndege huyo amesambazwa visiwa vingine na idadi yake ni maelfu, na Cousin kina buabua weupe wanaotaga juu ya tawi tupu. Kisiwa hicho hakina panya mpaka leo, na moja ya sababu ni kwamba hakuna boti ya mgeni inayogusa ufukwe. Ukifika, unasimama nje. Walinzi wanakuja na boti yao wenyewe, unahamia humo, na ile uliyokuja nayo inabaki kwenye maji. Kwa upande mwingine, kisiwa cha South Georgia, kusini kabisa mwa Bahari ya Atlantiki, kiliingiwa na panya kutoka meli za wawinda nyangumi na sili, na ilibidi helikopta zimwage sumu kisiwani kati ya mwaka 2011 na 2015 kwa gharama ya mamilioni ya pauni, ndipo mwaka 2018 kikatangazwa hakina panya tena. Kukung'uta begi Nachingwea hakugharimu hata shilingi.

Kunguru naye ana somo lake. Yule mwenye shingo ya kijivu aliyejaa Zanzibar na Dar es Salaam si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka za mji. Akazila, akaongezeka, akahamia kwenye mayai ya ndege wengine. Kila chakula kinachobaki ufukweni kinamlisha yeye. Mabaki ya chakula chako, maganda ya ndizi na mifupa ya kuku wa safari, urudi nayo kwenye begi.

Njiani

Njia yenyewe haina mengi. Zamani kulikuwa na reli iliyotoka Nachingwea kwenda pwani, iliyojengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Mpango ulishindwa na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sasa ni basi. Wa Ruangwa mnatokea Nanganga. Wa Nachingwea mnapita Ruangwa au mnazunguka Masasi. Kutoka hapo ni Mnazi Mmoja, Lindi, Nangurukuru, Somanga, kisha mto Rufiji.

Kwenye Daraja la Mkapa usilale. Lina urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na ukikaa upande wa dirishani wakati wa kiangazi utaona mafungu ya mchanga yaliyojitokeza katikati ya mto. Kwenye mafungu ya mchanga ya Rufiji hutaga ndege wa ajabu mwenye mdomo mwekundu ambao sehemu yake ya chini ni ndefu kuliko ya juu; huruka akikata maji kwa ile ya chini mpaka iguse samaki. Naye hutaga chini, mchangani, kama wa baharini. Hata usipomwona, umeshapita mtaani kwake.

Dar es Salaam panda meli ya Unguja. Mfuko wa plastiki usiuchukue kabisa: Zanzibar iliupiga marufuku tangu 2006 na Bara ikafuata Juni 2019. Kikapu cha ukindu kinatosha na ni kizuri zaidi.

Ukishafika

Ukiwa Chumbe, mfuate mwongoza wageni na ukanyage anapokanyaga. Akisema njia hii imefungwa leo, usiulize kama kuna njia ya kuipita. Ameona kitu ambacho wewe hujakiona, pengine yai moja. Vaa kofia, maana jua lile si mchezo. Ongea kwa sauti ya mtu aliye kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kama una droni, iache kwa mjomba wako Temeke: kwa ndege aliye juu ya yai, kitu kinachoruka juu yake na kusimama hewani ni mwewe, na hakuna maelezo yatakayombadilisha mawazo. Tochi usiku uielekeze chini. Ukiwa na mtoto mdogo mshike mkono, si kwa ajili ya usalama wake peke yake.

Usiende ukiwa na sharti la kuona ndege. Buabua hawana ratiba na Chumbe. Kuna misimu wanakuja kwa wingi na misimu wanachagua kwingine, na hifadhi inatunzwa mwaka mzima ili siku wakija wapakute pako tayari. Wasipokuwapo utaona kaa mkubwa wa minazi akipanda mti usiku, na huenda ukamwona paa nunga, yule mdogo adimu wa misitu ya pwani. Usidai chenji.

Bei ya Chumbe ni ya watalii, na mkulima wa mikorosho miwili mitatu hawezi kuilipa bila kuuza kitu. Hilo linaniuma. Hifadhi hupeleka wanafunzi wa shule za Zanzibar kujifunza pale, na ni moja ya mambo mazuri inayoyafanya. Walimu wa Nachingwea na Ruangwa, na madiwani wenye nia njema, wana kila sababu ya kuandika barua kuomba nafasi kwa ajili ya watoto wa Kusini. Barua ni karatasi moja. Jibu likiwa hapana, andikeni tena mwaka unaofuata.

Zawadi

Ukirudi watakuuliza, “Haya, mjomba, umetuletea nini?” Kutoka kisiwani: hakuna. Si yai, si unyoya, si kombe, si jiwe la matumbawe. Kombe tupu unaloliona ufukweni ni nyumba ambayo kaa fulani anaitafuta. Nunua halua Mji Mkongwe, nzito, ya kwenye kikapu cha ukindu ukiipata, na hakuna bibi Nachingwea atakayelalamika. Ukimwamkia bibi shikamoo na kumwekea halua mkononi, ndipo umsimulie habari ya yule kinda anayemsukuma mdogo wake. Atakuuliza mzazi alikuwa wapi. Mwambie alikuwa amesimama palepale.

Kwa wasiosafiri

Wengi hawatakwenda, na mwongozo huu ni wao pia, kwa sababu kisiwa kinafikiwa na vitu vingi ambavyo havikupanda boti. Mto Lukuledi unateremka katika bonde lile la Ndanda, Nanganga, Nyangao na Mtama mpaka Ghuba ya Lindi. Upande wa kaskazini wa wilaya zetu maji hushuka kwenye Mbwemkuru, nao unaingia Bahari ya Hindi kati ya Kilwa na Lindi. Chupa ya maji iliyotupwa mtaroni Ruangwa, kizibo chake, kipande cha kiroba cha mbolea, vyote vina njia ya kwenda baharini na muda wa kutosha wa kusafiri. Ndege wa baharini huokota vitu vinavyoelea juu ya maji, ndiyo kazi yao, na wengi wamekutwa na plastiki tumboni wakiwa wamekufa. Wengine walikuwa wamewalisha makinda wao plastiki hiyo.

Na kama unakula samaki, una deni. Wavuvi wa jodari baharini huwasoma ndege: buabua wakikusanyika na kupiga mbizi mahali pamoja, chini yake jodari wanawafukuza vidagaa juu, na boti hugeuka kuelekea huko. Ndege wakipungua, mvuvi anapoteza macho yake ya mbali, na ng'onda anayefika gulioni Nachingwea anazidi kupanda bei.

Kazi ya kufanya inaanza kabla ya mvua, na kwetu mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, wakati watu wako kwenye minada ya korosho na hakuna anayetazama mitaro. Oktoba basi. Ukusanye vijana kumi wa mtaa, mwenyekiti awepo, muanze na mtaro wa nyuma ya soko kwa sababu ndio uliojaa zaidi, mtoe chupa na mifuko kabla maji hayajavibeba, muwape wanunuzi wa chupa zile zinazonunulika na zilizobaki mzipeleke dampo. Viroba vya salfa ya mikorosho mvikusanye peke yake, kwa glavu.